Samli Niliyosema Nimeinunua Ngamiani

Tongoni, Tanga

Kwa Mama yangu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Shikamoo Mama. Na shikamoo ya pili, hii ya kukuomba barua hii uisome mwenyewe, umekaa, kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Goti linaendeleaje? Mabaka alizaa ndama salama, au bado mnamvizia? Huku tunasikia kwamba Kondoa mvua zimechelewa, nami kila nikiona wingu likipita juu ya minazi hii nalionea choyo, natamani lingejua njia ya kuja kwenu. Mimi mwili wangu mzima, chakula nakula. Usingizi ndio umenipungua, na sababu yake ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumbani mnaiweka spika, Mama. Mara ya mwisho nilipiga kukusalimu wewe, nikajibiwa na shangazi, na jirani, na mtu aliyekuja kuuliza bei ya beberu. Haya niliyonayo siwezi kuyasema mbele ya mtu wa beberu. Na hata tungekuwa peke yetu, ningesikia unasema "ehe, mwanangu," nikaanza kukupa habari za mvua.

Kazi yangu unaijua nusu. Unajua natunza ng'ombe wa maziwa wa Bwana Nasoro. Yeye anaishi mjini, Usagara. Babu zake walitoka Omani, na mwenyewe akikasirika hukasirika kwa Kiarabu kidogo na Kiswahili kingi. Shamba lake la minazi na ng'ombe liko huku karibu na Tongoni, nami nakaa humo humo, nyumba ndogo yenye jiko zuri. Nusu usiyoijua vizuri ni ya lile jiko. Nyuma ya zizi umechimbiwa mtambo wa gesi, umezikwa ardhini umeachwa mgongo wa saruji tu juu. Kila asubuhi nazoa samadi mbichi, naitia kwenye beseni la saruji, naongeza maji kiasi kile kile, nakoroga mpaka iwe uji, natoa majani na mawe, kisha nazibua tundu uji ushuke. Kule chini hakuna hewa. Samadi inachacha yenyewe na kutoa gesi, gesi inapanda kwenye bomba hadi jikoni. Ukiwasha kiberiti, moto ni wa buluu na sufuria haishiki masizi. Tope linalobaki hutokea upande wa pili, tunalimwaga kwenye migomba na majani tembo ya ng'ombe. Nilipofika hapa nilidhani wananitania. Siku ya kwanza nilichemsha maji matupu mara mbili, kuangalia moto tu.

Sasa, watu wa huku ni watu wa maji na udi. Mtu akioga anafukiza nguo. Samadi ni najisi, ikikugusa unaosha ndipo uswali, na hilo hata sisi tunalijua. Lakini kwetu mtu mwenye harufu ya zizi ni mtu mwenye ng'ombe, anapishwa kiti. Huku anapishwa njia. Ijumaa moja nilikuwa natawadha, nimeshaoga na kubadili nguo, nikamsikia kijana mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Leo ng'ombe nao wamekuja kuswali." Wakacheka, si kicheko cha ubaya sana, cha kupita tu. Mimi hakikunipita. Tangu siku ile nikawa naswali safu ya mwisho, karibu na viatu, na harufu ile nikaanza kuisikia hata mahali ambapo haipo.

Na ikawa ndiyo miezi niliyojuana na Saumu. Nilikueleza habari zake: binti wa Mzee Mbwana, muadhini wa hapa. Mama yake alitangulia mbele ya haki yeye akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake mzaa baba, Bi Mwanakombo. Alikuwa anakuja kila asubuhi kumchukulia bibi maziwa. Siku za mwanzo alinitania, "Wewe mgeni, waja leo waondoka leo, au umekuja kukaa?" Nikamjibu kwamba inategemea nani anauliza. Mengine unayajua, maana wewe na Baba mlitoa idhini, na Bwana Nasoro akasimama badala yenu kupeleka posa.

Samli uliyonitumia ilifika salama. Bwana Nasoro mwenyewe aliichukua stendi. Galoni ile, mdomo umeufunga kwa kipande cha kanga yako ya zambarau, ile unayojifunga ukienda kukamua. Saumu alikuja kuchukua maziwa nikamwonyesha. Nilimwambia, "Hii kaitengeneza Mama kwa mkono wake, na hiki ni kipande cha kanga yake." Akakigusa kile kitambaa, akatabasamu. Nataka ujue kwamba siku ile nilisema kwa fahari, Mama. Walau siku ile.

Kabla ya kujibu posa, upande wa binti walitaka kuja kuona mahali atakapokaa mtoto wao, na kula. Bwana Nasoro akafurahi, akasema tutawapikia pilau kwa gesi ya shamba, wajue binti yao hataokota kuni. Bi Mwanakombo akaleta neno: amesikia moto wa jiko lile unatoka kwenye mavi, naye ameshazeeka, hataki kuharibu swala zake mwishoni. Mzee Mbwana akaenda kumuuliza shehe. Shehe akamjibu kwamba chakula hakigusani na samadi, wale bila wasiwasi. Bi Mwanakombo akasema sawa, ila ataingia jikoni kwanza auone moto huo kwa macho yake.

Basi mimi nikashikwa na homa ya usafi. Maji ya kuoshea zizi yana mfereji wake, unapita kando ya njia ya watu hadi kwenye migomba. Fundi aliyejenga mtambo alisema wazi kwamba maji ya sabuni na dawa yapite huko, yasiingie mtamboni hata tone. Lakini njia ile ndiyo ambayo wageni wangepita, na mfereji unanuka. Nikauziba kwa udongo, nikapanda majani juu, nikayaelekeza maji yote kwenye beseni la mtambo. Kisha nikaosha zizi kwa sabuni ya unga na dawa ya kuua vijidudu, asubuhi na jioni, wiki nzima. Neno la fundi nililikumbuka. Nikajiambia, sabuni kidogo itaua nini? Siku mbili kabla ya wageni moto ukawa wa manjano, unarukaruka. Nikasema ni upepo. Jikoni kwetu dirisha moja, Mama, na siku ile lilikuwa limefungwa.

Ijumaa wakaja baada ya swala. Wanaume wakakaa barazani na Bwana Nasoro, ambaye alishaanza kuwahadithia habari za moto wa buluu. Bi Mwanakombo na shangazi wawili wa Saumu wakaenda jikoni kwa mpishi tuliyemwazima. Nyama ilikuwa imeshaungwa kwa mabaki ya moto, mchele umeoshwa unasubiri. Mpishi akaniita. Moto umezimika.

Nikawasha. Ukashika kidogo, ukapiga chafya, ukafa. Nikawasha tena. Safari hii haukushika kabisa, ila bomba likatoa harufu, na si ya samadi niliyoizoea. Ilikuwa ya kitu kilichooza, mayai viza na siki pamoja. Jiko lote likajaa. Shangazi mmoja akatoka nje. Bi Mwanakombo akavuta mtandio puani, akasimama pale pale, akaniangalia.

"Ndo huo moto wenyewe?" akauliza.

"Bomba limeziba, Bibi," nikasema.

"Na kwenu huko bara, nako mwapikia haya?"

Mama, hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Alikuwa anauliza tu. Mtu mzima anataka kujua. Lakini mimi nilisikia kile kicheko cha pale pa kutawadhia. Nikajibu, "La, Bibi. Kwetu hatufugi. Baba ana duka la nguo Kondoa mjini."

Sijui duka lile lilitoka wapi. Baba hata kununua kitambaa humtuma mtu. Lakini nililisema bila kukwama, na nikaona Bi Mwanakombo akitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine.

Wakatoa sufuria nje. Bi Mwanakombo mwenyewe akapanga mafiga, akawasha kwa makumbi ya nazi na kuti kavu, na wageni walioambiwa kwamba hakuna moshi wakakaa wakifikicha macho. Chakula kilitoka alasiri imeshaadhiniwa. Mzee Mbwana alikwenda kuadhini na tumbo tupu akarudi. Bwana Nasoro aliacha kabisa habari za moto wa buluu, akaanza kueleza habari za bei ya nazi.

Samli yako ndiyo iliyoniokoa, na ndiyo iliyonimaliza. Mpishi aliimwagia pilau ilipokuwa inaiva, na bakuli jingine likawekwa pembeni. Bi Mwanakombo alipoonja aliongeza tonge jingine. Akaniita pale upande wa wanawake, akasema, "Samli kama hii sijala tangu ujana wangu. Aliyeitengeneza kaikalia, hakuipika kwa pupa. Nani huyo, tumwombee dua?"

Nikamwambia, "Nimeinunua sokoni Ngamiani, Bibi."

Ningeweza kusema ya kwamba sikuwa na budi, kwa kuwa nilishasema hatufugi. Ni kweli uongo huomba mwenzake. Lakini sitaki kujitetea. Mtu aliomba jina lako akuombee dua, nami nikampa jina la soko. Bwana Nasoro alikuwa mlangoni, akasikia. Yeye aliyeibeba galoni ile kutoka stendi. Aliniangalia, akageuka, akawaambia wageni wakaribie maji ya kunawa. Alinisitiri. Sitara ile ilinichoma kuliko kama angeniumbua.

Kesho yake fundi akaja. Aliinama kwenye beseni, akanusa, akazunguka hadi kwenye mfereji, akauona udongo. Hakunigombeza. Alisema mle chini mna vijidudu hai ambavyo ndivyo vinavyokula samadi na kutoa gesi, na mimi nimevinywesha sabuni na dawa mpaka vimekufa. Dawa yake ni kupunguza tope lililoharibika, kuleta ndoo za tope hai kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi, kulitia mle liwe mbegu, kisha kulisha kidogo kidogo na kusubiri.

Alipotaja mbegu nikakaa chini, Mama. Nilikumbuka kibuyu chako cha mtindi. Nilikumbuka siku dada Hadija alipokiosha kwa sabuni kwa kutaka sifa, na ulivyomwambia kwamba amefukuza mtindi, sasa maziwa yataoza badala ya kuganda. Ulikwenda kwa jirani kuomba mtindi kidogo wa kuanzia, ukakifukiza kibuyu upya. Mimi nilikuwepo, nikamcheka Hadija. Elimu ya mtambo huu nililishwa kwenye uji, na nikaisahau kwa sababu nilikuwa naogopa kunuka kama yule aliyenifundisha.

Jioni Bwana Nasoro akaniita. Nilidhani ananifukuza. Aliniambia, "Idi, umenificha mimi, mtambo ukafa. Huo utafufuka. Umemficha mama yako, na mimi sijui kitakufa nini." Akaniambia hatakwenda kwa kina Mzee Mbwana kusema lolote, si la kunijenga wala la kunibomoa. Nyumba niliyoibomoa ni yangu.

Nikafanya kazi. Nilisafiri na pikapiki ya shamba hadi Usagara, kwa jirani yake mwenye mtambo, nikabeba ndoo za tope zilizofunikwa, na njiani likanimwagikia mgongoni, nikapita hivyo hivyo katikati ya mji. Nikazibua mfereji. Moto ulichukua muda kurudi. Mwanzo gesi ikatoka haishiki, kisha ikashika manjano, kisha asubuhi moja ikasimama buluu, imetulia, hata kuvuma haivumi. Sikufurahi nilivyodhani nitafurahi. Saumu alikuwa ameacha kuja kuchukua maziwa.

Kumbe bibi yake alirudi nyumbani siku ile akamsifia samli ya Ngamiani. Saumu akamwambia, "Bibi, ile ni ya mama yake. Alinionyesha kipande cha kanga." Yeye hakujua kwamba ananiumbua. Alikuwa anajivunia.

Juzi Bi Mwanakombo akaja mwenyewe, na mkongojo wake, asubuhi. Alinikuta kwenye beseni, samadi imenifika viwikoni. Nikamwamkia shikamoo, nikaweka mikono nyuma.

"Marahaba. Usifiche mikono, nshaiona," akasema. Akakaa kwenye jiwe. Akafungua pindo la kanga yake akatoa kile kitambaa cha zambarau. Mpishi alikitupa jikoni siku ile, kumbe yeye alikiokota kufungia masazo ya samli. Alikuwa amekifua na kukikunja.

"Mie nlikula samli ile, nkamwombea dua aliyeitengeneza," akasema. "Kumbe dua yangu naipeleka Ngamiani. Mama hanunuliwi Ngamiani, mwanangu."

Nilisema, "Nimekosa, Bibi."

"Kwangu hukukosa kitu. Mie samli nshakula." Akaangalia ng'ombe. "Nnaye mjukuu asiye na mama. Nikimpa mume aliyemkana wake, siku nikifa mie atakwenda kulia kwa nani? Posa sijaikataa wala sijaikubali. Mlete aliyefunga kitambaa hiki, nikae naye, nile naye. Akisema yeye kwamba wewe ni mwanawe, nami ntasema neno langu."

Kisha akataka kuuona moto. Nikanawa, nikanawa tena, nikawasha. Ukatoa buluu yake bila kelele. Nikamchemshia chai ya maziwa juu ya moto ule. Aliinusa kwanza, akacheka kidogo, akanywa yote. Akaondoka bila kuniambia niende kwao lini wala nisiende.

Basi Mama, ndiyo hayo. Nimelala nayo usiku mwingi nikitafuta namna ya kukueleza isiyokuumiza, sikuipata, kwa hiyo nimekueleza kama yalivyo. Nasikia haya. Nasikia haya kukwambia njoo, baada ya kukuficha. Lakini nikikwambia usije, nitakuwa nimekukana mara ya pili, na safari hii kwa maandishi. Wewe uliyesiliba sakafu niliyojifunzia kutambaa kwa samadi ya ng'ombe wako, ukanisomesha kwa maziwa yao, mimi nilitaka watu wadhani nimezaliwa dukani.

Kitambaa nimekifunga humu ndani ya barua. Kama utanisamehe, fungia samli mpya, njoo nayo mkononi, wewe na Baba. Msiazime nguo za mtu. Baba aje na fimbo yake ya kuchungia, nami nitaibeba mbele yake kutoka stendi, na nitakutambulisha pale barazani, mbele ya Mzee Mbwana na wale waliocheka kama wapo. Na kama unaona mtoto huyu hakufai, baki na kitambaa chako. Kisipofika nitaelewa, nitakwenda kwa Bi Mwanakombo mwenyewe nimwambie nimekosa mke kwa haki. Sitakulaumu wala sitakupigia simu kukubembeleza.

Nisalimie Baba, ila barua hii umpe siku utakayoona kifua chake kimetulia. Nisalimie Hadija, umwambie namwomba radhi kwa kicheko cha kibuyu. Shangazi nisalimie, na jirani anayenijibia simu. Mwenye beberu naye kama bado yupo, mwambieni bei ni ile ile. Ukimkamua Mabaka mpige mgongoni mara moja kwa niaba yangu.

Nakuombea afya, na goti jepesi la kupandia basi.

Ni mimi mwanao Idi, ambaye mama yake yuko Kondoa na anafuga ng'ombe.